Wimbo Huu ni wa Nani?

Hotuba ya Kamati Ndogo ya Utamaduni na Elimu, iliyosomwa uwanjani katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Kamati ya Jamii imeagiza ichapwe yote katika jarida hili la kumbukumbu, kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na wale waliofika lakini hawakusikia kwa sababu ya kipaza sauti.



Kila mwaka siku kama ya leo kamati yetu huitwa kusema machache juu ya utamaduni. Kwa kawaida tunasema tuudumishe, ngoma zinapigwa, wageni wanapiga picha, kisha tunakwenda kula. Mwaka huu tumeomba ruhusa ya kusema juu ya jambo ambalo limeleta ugomvi wa kweli katika vikao vyetu, na ambalo hata leo hatukubaliani sote kwa kila neno. Swali lenyewe ni hili: wimbo, hadithi, mchezo wa kuigiza au kitabu ni mali ya aliyekitunga, ambaye lazima aombwe na alipwe, au ni kitu cha kugawana bure kama maji ya kisima? (Ingawa hata kisima chetu kina foleni, na kina kamati yake.)

Wapo waliotuambia kwamba hilo ni swali la watu walioshiba. Mtu anayengoja mgao wa chakula atahangaika na haki za mtunzi za nini? Tunawajibu hivi. Tulipokimbia tuliacha mashamba, nyumba na mifugo, na wengine wetu tuliacha hata vyeti vya shule. Kwenye vizuizi vya barabarani walitupekua mifuko na viatu. Kilichokuwa kichwani hawakuweza kukipekua. Kama hicho ndicho tulichovuka nacho mpaka, haifai sisi wenyewe tukichukulie kama kitu kisicho na mwenyewe.

Tuanze na jambo lililotokea hapa hapa. Kuna mama mmoja katika kambi hii, ambaye ameomba tusimtaje jina. Alitunga wimbo juu ya kuvuka ziwa usiku, na juu ya mtoto aliyemzika ng'ambo ya pili. Kwaya yake imeuimba miaka mingi, na wengi wenu mmeusikia kwenye matanga. Siku moja shirika fulani lilikuja na kamera, likaomba kwaya iimbe. Waliimba mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza upepo uliharibu sauti. Wakapewa soda, wakashukuru, wakaenda nyumbani. Baada ya mwaka na zaidi, kijana wetu mmoja aliiona filamu ile kwenye simu. Ilikuwa filamu ya kuombea michango Ulaya. Mwishoni yamepangwa majina: la mpiga picha, la mhariri, na hata la yule aliyetunga muziki wa kinanda uliowekwa katikati. Penye wimbo wa mama yetu yameandikwa maneno mawili tu ya Kiingereza, ambayo maana yake ni "wimbo wa asili".

Mama hakudai pesa. Aliuliza tu, "Asili ya nani? Mimi niliutunga nikiwa nafua nguo."

Tulikwenda ofisini kwao. Tulipokewa vizuri, tukaonyeshwa karatasi ambayo kiongozi wa kwaya aliitia sahihi. Ilikuwa ya Kiingereza, na ilisema kwamba picha na sauti zaweza kutumika katika kazi za shirika. Hatusemi kwamba karatasi haikuwepo. Ilikuwepo. Tunachosema ni kwamba ruhusa ya kupiga picha si ruhusa ya kumfuta mtunzi, na mtu hawezi kusemwa kuwa amekubali jambo ambalo hajasomewa kwa lugha yake.

Tunataka tuwasimulie sasa, kwa kirefu kidogo, habari za mtu mmoja wa Afrika Kusini, kwa sababu karibu kila mtoto wa kambi hii anaujua wimbo wake bila kumjua yeye. Aliitwa Solomon Linda. Alizaliwa mwaka 1909 katika nchi ya Wazulu, akaenda Johannesburg kutafuta kazi kama walivyokwenda maelfu ya wengine, na huko akawa na kikundi cha kuimba kilichoitwa Evening Birds. Mwaka 1939 waliingia katika studio ya kampuni ya Gallo wakarekodi wimbo uitwao Mbube, maana yake simba. Santuri ile iliuzwa nakala kama 100,000 katika miaka kumi iliyofuata. Linda mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo hiyo, kazi yake kufungasha santuri. Haki za wimbo zikabaki kwa kampuni, na alichopata yeye ni shilingi 10.

Santuri ikafika Marekani. Mwimbaji Pete Seeger aliisikia akaipenda, na kikundi chake cha The Weavers kikauimba kwa jina la Wimoweh, kwa kuwa neno la Kizulu hawakulisikia sawasawa. Mwaka 1952 ulivuma huko. Mwaka 1961 kikundi kingine, The Tokens, kikauimba kwa maneno ya Kiingereza, nao ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Mwaka 1994 ukasikika katika filamu ya Disney iitwayo The Lion King, ambayo kibanda cha video hapa kambini kimekwisha kuionyesha mara zisizohesabika. Wakati huo Linda alikuwa amekwisha kufa zamani, mwaka 1962, akiwa maskini. Mjane wake alikaa miaka 18 ndipo akaweza kumwekea jiwe la kaburi.

Hapa tunaomba msikilize vizuri, kwa sababu habari hii husimuliwa mara nyingi kama habari ya wezi na maskini, na haikuwa rahisi hivyo. Seeger hakuwa mtu mbaya. Alipojua kwamba wimbo una mtunzi, alimtumia Linda dola 1,000, na akataka malipo yawe yanamfikia. Lakini wimbo ulikuwa umekwisha kupita katika mikono ya watu walioamini, au waliopenda kuamini, kwamba ni wimbo wa asili wa Kiafrika, usio na mwenyewe. Ndilo neno lile lile aliloandikiwa mama yetu. Watu wazuri wenye nia njema wanaweza kumfuta mtunzi bila kukusudia, ikiwa hakuna anayeuliza.

Haki ilirudi kwa njia ambayo hakuna aliyeitegemea. Mwaka 2000 mwandishi wa Afrika Kusini, Rian Malan, alichapisha habari yote. Wanasheria wakachimbua sheria ya zamani ya Waingereza ya mwaka 1911, iliyosema kwamba hata kama mtunzi ameuza haki yake, miaka 25 baada ya kifo chake haki hiyo huwarudia warithi. Mwaka 2004 warithi wa Linda wakafungua kesi dhidi ya Disney, na mwaka 2006 wakafikia mapatano: binti zake walipwe, na baba yao atambuliwe kuwa mmoja wa watunzi. Tangu siku ya kurekodi ilikuwa imepita miaka 67. Tungependa kila kiongozi wa kwaya aikumbuke hesabu hiyo kabla ya kuitia sahihi karatasi asiyoisoma.

Karibu na sisi uko wimbo Malaika, ambao hauhitaji kuelezwa kwa mtu yeyote ajuaye Kiswahili. Fadhili William wa Kenya aliurekodi, na jina lake ndilo lililoandikwa. Lakini Adam Salim wa Tanzania alisema ni yeye aliyeutunga, na Grant Charo wa Kenya naye alisema hivyo. Miriam Makeba aliuimba ukasikika dunia nzima, Boney M. wakauimba, na watu wa Mombasa na Dar es Salaam wakabaki wanabishana. Sisi hatuna haki ya kuamua nani alisema kweli. Tunaona tu kwamba siku ulipotungwa hakuna aliyeandika mahali popote: wimbo huu, fulani, tarehe fulani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walikuwa wakifikiria duka, lakini yafaa hata kwa nyimbo.

Mpaka hapa mtadhani tumekuja kuhubiri kwamba kila kitu kifungwe kufuli. La hasha. Katika kamati yetu walimu ndio walioupinga sana upande huo, na walikuwa na haki.

Katika shule zetu kuna madarasa ambamo kitabu kimoja kinasomwa na benchi nzima, na mengine ambamo anacho mwalimu peke yake. Mwalimu anachukua sura moja, anaipeleka kwenye fotokopi kwa pesa zake mwenyewe, anawagawia watoto. Je, tumwambie aandike barua kwa mchapishaji Kampala au London na kungoja jibu, na mtihani ni wiki ijayo? Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa tayari kusema hivyo. Wala sheria haisemi hivyo. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inaacha nafasi ya kutumia kazi ya mtu kwa kufundishia na kwa kujisomea binafsi, kwa kiasi kinachostahili, na mwenye kazi akitajwa. Tofauti inaanza pale ambapo mtu anakinakili kitabu kizima, anakitia jalada, na kukiuza sokoni kwa faida yake. Huyo hafundishi mtu, anafanya biashara na jasho la mwingine, na kisingizio cha ukimbizi hakimfai.

Tena wako watunzi ambao wametoa kazi zao kwa hiari. Wengi wenu hamjui kwamba mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi fupi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na kwamba kila mtu anaruhusiwa kuzisoma, kuzichapa na hata kuzitafsiri bila kulipa. Ruhusa yenyewe imeandikwa kwenye kila hadithi, na masharti yake ni mepesi. Mwalimu anaweza kuzileta darasani bila kumwogopa mtu, na anayejua Kinande au Kibembe anaweza kuzitia katika lugha ya nyumbani. Huo ndio ugawaji tunaoupenda, kwa sababu mwenye mali ndiye aliyegawa.

Kuna pia ndugu zetu wasioona. Mwaka 2013 ulifanyika mkataba Marrakesh, Moroko, unaoruhusu vitabu vifanywe vya nukta nundu au vya kusikiliza kwa ajili yao bila kuomba ruhusa ya kila mchapishaji. Uganda imejiunga nao. Tunawakumbusha wahusika wa elimu hapa kambini kwamba ruhusa ipo. Kinachokosekana ni mashine na mtu wa kuifanya kazi.

Na wazee wetu waliotoka Katanga walitukumbusha habari za Mwenda Jean-Bosco. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi miziki ya watu, alimkuta Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi, akamrekodi akipiga gitaa wimbo wake Masanga. Santuri ikasambaa. Vijana katika Kongo na Afrika Mashariki walikaa kando ya gramafoni wakijaribu kuvifuata vidole vyake, wakikosea, wakirudia. Nani kati yao alimwomba ruhusa? Mzee mmoja wa kamati alisema: kama kila kijana angezuiwa mpaka alipe, gitaa la kwetu lingekufa mikononi mwa mtu mmoja. Hatukuwa na jibu la kumpinga. Kujifunza kwa kuiga ni shule, na shule hiyo haina ada. Lakini ni mzee huyo huyo aliyetuambia pia kwamba kila aliyepiga Masanga alisema, "Huu ni wa Mwenda." Walichukua vidole, jina wakaliacha mahali pake.

Sasa tufike sokoni, ambako ndiko ugomvi ulikozaliwa.

Mnawajua vijana wenye kompyuta wanaojaza nyimbo kwenye simu na memori kadi. Unalipa kidogo, unaondoka na nyimbo za wiki nzima. Mmoja wa wanamuziki wetu alikuja kwenye kamati amekasirika. Alirekodi wimbo wake mjini kwa pesa alizozikusanya kwa kuchoma mkaa miezi mitatu. Wiki mbili baadaye kila simu ya kambi ilikuwa nao, na yeye hakupata hata shilingi. Tukawaita vijana wale. Walitusikiliza kwa heshima, halafu mmoja akauliza, "Wazee, mwulizeni ni nani aliyeuleta kibandani." Tukamwuliza. Alikuwa ni yeye mwenyewe. Alikuwa amewaomba wauweke, kwa sababu redio haikumpigia, na bila vibanda nani angemjua?

Tulicheka, lakini jambo halikuwa dogo. Mwanamuziki maskini anahitaji kusikika kabla ya kulipwa, na anayemsambaza ndiye anayemla. Hali hiyo haipo kambini tu, iko Kampala, iko Kinshasa. Tulipochunguza zaidi tuligundua kwamba kilichomuuma zaidi hakikuwa shilingi. Vijana walikuwa wameubadilisha wimbo jina. Wana desturi ya kuandika jina la kibanda chao kwenye kila wimbo, ili wajitangaze. Basi watu walikuwa wakiusifu wimbo kwa jina la muuza nyimbo. Wengine walidhani umetoka Goma.

Tulipatana hivi, na mapatano yanafanya kazi mpaka leo: wimbo wowote uliotungwa na mkazi wa makazi haya unabaki na jina la mtunzi na namba yake ya simu. Kibanda kikitaka kuweka jina lake, kiliweke mwisho. Tangu hapo mwanamuziki yule ameitwa kwenye harusi kadhaa, na kwenye harusi analipwa. Hatudai kwamba tumemaliza tatizo la muziki wa Afrika. Ila imetuonyesha kwamba jina lina faida ambayo hata mfuko wa mtu unaiona.

Wachungaji nao walikuwa na la kusema. Makanisa mawili hapa yaligombana juu ya wimbo mmoja, kwaya moja ikidai kwamba nyingine imechukua sauti yake na kubadilisha maneno. Mchungaji mmoja akasema wimbo wa Mungu hauna mwenyewe, kwa kuwa Mungu ndiye aliyetoa. Tunamheshimu, lakini hapo hatukumfuata. Mungu ndiye aliyetoa mahindi pia, wala hatuvuni shamba la jirani. Tena pande zote mbili zilikuwa zimechanganya mambo. Kuimba juu ya safari ya jangwani si mali ya kwaya yoyote, kila mmoja yuko huru kuutungia wimbo wake. Maneno yenyewe na sauti yenyewe, jinsi mtunzi alivyovipanga, ndivyo vyenye mwenyewe. Wazo ni la wote, umbo ni la mtu.

Na zile za asili kweli, za harusi, za kubembeleza watoto, za kutwanga? Hizo ni zetu sote, na hatutaki mtu yeyote aje azisajili kwa jina lake, awe mgeni au ndugu yetu mjanja. Lakini hata hapo wazee walituonya tusidhani kwamba desturi zetu hazikujua mipaka. Katika Bwami ya Walega kuna nyimbo, methali na vitu ambavyo ni vya wale tu walioingizwa katika daraja fulani. Mtu haviimbi wala haonyeshi hadharani kwa kuwa tu anavijua. Kwa hiyo wanaosema kwamba haki za mtunzi ni desturi ya Wazungu, na kwamba Mwafrika aligawa kila kitu, wanasema nusu. Kwetu pia iliulizwa: nani ana ruhusa ya kuimba hiki, na wapi?

Ndugu zetu wa mashirika, hapa tunawageukia ninyi. Mnatufundisha mara nyingi juu ya Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951. Tunajua kifungu kinachokataza kurudishwa kwa nguvu, tunajua habari za shule, kazi na hati za kusafiria. Kifungu cha 14 hatujawahi kufundishwa katika semina yoyote. Kinahusu haki za kazi za sanaa, maandishi na sayansi pamoja na mali za viwandani kama vile uvumbuzi na majina ya biashara. Kinasema kwamba katika nchi anamoishi kwa kawaida, mkimbizi apewe ulinzi ule ule wanaopewa raia wa nchi hiyo. Na katika nchi nyingine zilizo katika mkataba, apewe ulinzi ule unaopewa huko raia wa nchi anamoishi. Tulipokisoma kwa sauti kikaoni, watu walinyamaza. Mtu ambaye hana shamba wala pasipoti, na anayehesabiwa kwa ukubwa wa familia, ameandikiwa katika mkataba wa mataifa kwamba wimbo wake ni wake, na kwamba hata Ulaya ni wake.

Hatujidanganyi. Haki iliyoandikwa si haki iliyopatikana, na hakuna kati yetu mwenye nauli ya kwenda mahakamani. Warithi wa Linda walipata wanasheria wakubwa na bado ilichukua miaka. Ndiyo maana hatusemi habari za kesi. Tunaomba mambo ambayo hayana gharama. Mkija kurekodi, karatasi isomwe kwa lugha ya mwimbaji kabla ya kutiwa sahihi, na nakala ibaki kwake. Ulizeni, "Nani ametunga?" na mwandike jina, au mwandike kwamba mtunzi hakutaka kutajwa, maana wako wenye sababu za kuogopa majina yao yasifike walikotoka. Msiandike "wimbo wa asili" kabla hamjauliza. Na kama filamu imeleta michango, kwaya iliyoimba ipate angalau ngoma mpya au sare. Na hilo lisemwe mwanzoni, si baada ya watu kulalamika.

Nasi wenyewe tuna la kufanya. Sheria ya Uganda haidai usajili ndipo wimbo ulindwe, nayo humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini inataka kazi iwe imewekwa katika umbo fulani: imeandikwa, imerekodiwa, imechorwa. Wimbo unaokaa kichwani tu ni vigumu kuutetea. Watunzi wetu wengi hawaandiki, wengine hawajui kuandika, na kila mwaka tunazika wazee walioondoka na nyimbo ambazo hakuna aliyezinasa. Kwa hiyo kamati imenunua daftari kubwa la jalada gumu. Kila ukurasa utakuwa na jina la kazi, jina la mtunzi, lugha, tarehe, majina ya mashahidi wawili, maneno yote yalivyo, na mstari mmoja ambao tulibishana juu yake jioni nzima. Katika mstari huo mtunzi ataandika kama kazi yake iimbwe na yeyote bure, au iimbwe bure makanisani, shuleni na msibani lakini aombwe palipo na pesa, au isiimbwe na mtu bila yeye. Atachagua mwenyewe. Hatutamshauri.

Mama yetu wa wimbo wa ziwa ndiye aliyeandikwa ukurasa wa kwanza, naye alichagua lile la katikati.

Daftari liko katika ofisi ya kamati, Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita. Litafungwa kabatini, na funguo ni mbili, moja kwa katibu na nyingine kwa mwakilishi wa akina mama. Asiyejua kuandika aje aimbe, katibu ataandika, na mwenye simu inayonasa sauti vizuri tunamwomba ajitolee saa hizo tatu. Nyimbo zipokewe kwa lugha yoyote. Kwa Kihema na Kilendu tayari tumepata waandishi, lakini kwa Kibembe bado tunamtafuta mmoja, na kama yuko hapa uwanjani leo tunaomba asiondoke kabla ya kuonana na sisi.